Msichana wa Chumba cha Nusukaputi

Jumapili, 3 Novemba 2024

Watoto wawili wa tonsili, mfuko wa nyongo mmoja, henia moja. Wote wamelala, wote wameamka. Kwa kazi yangu siku njema ni siku isiyo na habari, basi leo sina habari.

Yule wa nyongo ni mwalimu wa kike kutoka Sur, mcheshi ajabu. Alinihadithia mambo ya mumewe mpaka propofoli, dawa ya usingizi, ilipomkatisha katikati ya sentensi. Mume anavuta sigara garini kwa siri, ati anadhani hanuki! Tumecheka mimi na yeye hata fundi wa mashine akageuka kututazama. Jioni nikapita wodini kumwangalia. Akanitazama hivi, akaniuliza, doktora, wewe ni nani? Nikasema mimi ndiye niliyekulaza. Akasema ahsante, akarudi kwenye simu yake.

Ndivyo ilivyo. Sindano ya kutuliza woga, midazolamu, haimlazi mtu. Anabaki macho, anazungumza, anacheka, anatoa siri zake zote, ila hakuna kinachobaki kichwani. Kumbukumbu huondoka kwanza, fahamu hufuata nyuma. Kwa hiyo mimi nina watu chungu nzima walionimwagia ya moyoni, na tukikutana sokoni hakuna hata mmoja anayenijua. Kazi gani hii!

Chakula cha usiku: mkate na jibini, nimesimama.

Naandika Kiswahili humu kwa sababu sina pengine pa kukitia. Mama alipokuwa hai tulikuwa tunakisema kutwa kwenye simu, kile chetu cha Bujumbura, na maneno ya Kifaransa humo humo. Sasa kimebaki daftari hili na kuwatukana madereva. Mdogo wangu Saud yuko Maskati, mimi hapa Ibra. Nikimwandikia Kiswahili ananijibu Kiarabu, na kikatuni cha kucheka. Sijui kinachomchekesha.


Jumanne, 5 Novemba

Leo nimeambiwa marahaba!

Niandike vizuri, nisisahau hata kidogo. Asubuhi waliniletea bibi mmoja, Bi Kuruthum, mtu wa Mintirib kule ukingoni mwa jangwa. Ameanguka uani kwake, nyonga imevunjika. Anakunywa dawa ya kuzuia damu isigande kwa ajili ya moyo, kwa hiyo sindano ya mgongoni haifai, lazima nusukaputi kamili. Nimemkuta kwenye kitanda cha magurudumu, mwembamba, mikono inatetemeka kama imeshikwa na homa. Wauguzi wanamwambia kwa Kiarabu usiogope, ewe mama, usiogope. Na yeye chini kwa chini anasema: “Yarabi, leo n’nakwenda kufa mbele ya watu n’siowajua.”

Kiswahili! Cha Unguja mjini, kile cha wazee hasa.

Nikainama. Nikasema shikamoo bibi.

Mikono ikasimama kwa mshangao. “Marahaba mwanangu! Ala! Kumbe mtu wa kwetu weye?” Akanidaka kidole, hakukiachia. Lakini lile tetemeko likarudi, na moyo wake kwenye kioo cha mashine unakimbia ovyo. Kwa wazee midazolamu huwa siitoi, inaweza kuwavuruga akili kwa siku nyingi. Leo nikampa tone. Tone tu. Nilimhurumia.

Akatulia. Akaanza maswali. Umezaliwa wapi? Bujumbura. “Ndo maana unasema kama unapasua kuni! Lakini kitamu, kitamu, endelea.” Una nani hapa Ibra? Nikasema sina mtu bibi, nipo peke yangu. “Peke yako! Mtoto wa kike!” Akaguna. Kisha akasema: “Skiza. Nikitoka hapa, Ijumaa ya mwanzo uje kwangu. N’takupikia boko-boko na mchuzi wa papa, ule mpaka ufungue vifungo. Na usije kama mgeni. Mgeni ana watu wake, weye huna.”

Nilikuwa nimeshika sindano ya propofoli, ile nyeupe kama maziwa. Macho yangu yakajaa maji juu ya barakoa. Fundi Mhindi akaniuliza kuna tatizo? Nikasema jasho.

Dozi yake ndogo. Mshipa wa mzee unapeleka polepole, usipokuwa na subira utaongeza na utamshusha presha. Nilisubiri. Alilala akiwa bado amekishika kidole changu. Kisha sevoflureni, ile dawa ya kuvuta kwa pumzi, kidogo kuliko ya kijana, maana ubongo uliozeeka unatosheka na hewa haba. Taimur, daktari wa upasuaji, alifanya kazi safi. Bibi ameamka vizuri.

Ijumaa ya mwanzo akitoka. Boko-boko, ngano iliyopondwa na nyama!


Jumatano, 6 Novemba

Mjinga mimi. Mjinga kabisa.

Nimepanda ngazi za wodi nikijisemea shikamoo, shikamoo, kama mtoto anayekwenda kusomeshwa siku ya kwanza. Nimevaa koti jeupe na miwani. Jana alichoona ni macho tu, kofia juu na barakoa chini.

Bi Kuruthum ameketi, ametiwa mito. Pembeni binti yake, Rumaitha, mwanamke wa makamo, abaya nzuri, anafanya kazi serikalini hapa Ibra. Nikaingia. Bibi akanitazama kwa adabu, akasema kwa Kiarabu, karibu doktora. Macho matupu. Nilijua! Mimi ndiye niliyempa ile dawa, nani ajue kama si mimi? Lakini kujua ni kitu kimoja, na kutazamwa vile ni kingine.

Basi nami nikajibu Kiarabu. Maumivu? Kichefuchefu? Koo linawasha? Alhamdulillah, alhamdulillah. Rumaitha akamuuliza mama yake kwa Kiswahili, huyu naye daktari wa nini tena? Bibi akajibu: “Mie n’najuaje? Wanaingia wanatoka kama watu wa maulidi.”

Pale pale ndipo nilipotakiwa niseme. Neno moja tu! Tungecheka wote watatu. Nimeandika presha, nikatoka.

Kwa nini? Kwa sababu mwaliko ule aliutoa baada ya sindano. Nimeurudia kichwani kila upande. Shikamoo ilikuwa kabla. Kidole kilikuwa kabla. Boko-boko ilikuwa baada, mikono ilikuwa imeshatulia. Midazolamu haifuti ya nyuma, inafuta ya mbele. Sasa nimwambieje, bibi, ulinialika chakula na hukumbuki? Mtu mzima na shahada zangu, nidai boko-boko?

Na niseme kweli. Nilitaka anitambue mwenyewe.


Alhamisi, 7 Novemba

Nimekwenda tena. Kazi inataka niende mara moja tu, nimekwenda tena.

Sasa mambo yameharibika zaidi, maana wananisema mbele yangu! Hii tabia yetu sisi watu wa Afrika, najua, hata mimi na mama tulikuwa tukiifanya kwenye kila duka la Maskati. Unaona watu hawakijui Kiswahili, basi unawachambua wakiwa wamesimama hapo hapo.

Rumaitha anasema nimekauka, sicheki, labda nimeachwa. (Nimeachwa, ndiyo. Zamani, khalas.) Ati kiatu changu cha mzungu mtalii. Bibi akamkemea: “Mwache mtoto wa watu. Huyu ana uso wa mtu asiyepikiwa.”

Mimi huku nakodolea macho kioo cha oksijeni kama ndiyo mara yangu ya kwanza kukiona.

Halafu bibi akasema kitu kingine. Anamtaka yule msichana. Msichana gani, mama? Yule wa kule ndani, walikonilaza. Alinambia shikamoo. Ana Kiswahili cha bara, mdomo wake mtamu. Kaniambia hana mtu. N’limwambia aje kwangu, sasa simwoni.

Anakumbuka! Dozi ilikuwa ndogo, imeacha mabaki. Rumaitha akacheka, akasema mama umeota, ndani kule wote Wahindi na Waarabu. Nani atakwambia shikamoo?

Nilikuwa nimesimama mguuni mwa kitanda. Nikasema kwa Kiarabu, inshallah kheri, nikatoka. Nimefika korido ndipo nikapumua.

Sasa nitasemaje? Nikisema mimi ndiye, ina maana nimesikia yote. Yote! Kesho nitasema. La, kesho Ijumaa.


Ijumaa, 8 Novemba

Sina zamu. Nimefua. Nimepika wali kwa tui la kopo, umeungua chini, juu haujaiva. Nimeula.

Baada ya swala ya Ijumaa sauti za watoto wa jirani juu kwa juu, sufuria, vicheko, mtu anaitwa aje kula. Ukuta mwembamba. Nikachukua gari.

Nimekwenda Mintirib. Nyumba yake siijui, wala sikuuliza mtu. Nimesimama pembeni pale kwenye mwisho wa lami, watalii wanatoa upepo kwenye matairi kabla ya kuingia mchangani, wanapigana picha. Mama mmoja alinigongea dirisha, ati una shida, gari imekwama? Nikamwambia hapana, nangoja watu. Uongo! Akanipa tende za kwenye kikombe cha karatasi, akaenda zake.

Nimempigia Saud. Yuko kwa wakwe. Atanipigia.


Jumapili, 10 Novemba

Saud hakupiga. Si muhimu.

La muhimu ni hili. Korido ya wodi, mwanaume mmoja mrefu, kanzu imepigwa pasi, akanisalimu kwa heshima. Ni Hamdun, mtoto mkubwa wa Bi Kuruthum, anaishi Nizwa. Akasema Kiarabu: doktora, wewe ndiye uliyempa mama benji, hii nusukaputi? Ndiyo. Basi nifahamishe, je, benji inaweza kugusa akili? Mama anaona watu. Anazungumza habari za msichana wa Kiswahili kwenye chumba cha upasuaji. Amemwagiza Rumaitha anunue ngano ya boko-boko, ati amealika mgeni. Asubuhi amelia kwa sababu mgeni haji.

Amelia.

Na mimi? Mimi nimemfungulia darasa! Nikamwambia kwamba dawa hizi, za mshipani na za pumzi, hata sisi wenyewe hatuzijui zote zinavyofanya. Zinabana mlango fulani kwenye neva, ubongo unanyamaza sehemu kwa sehemu, na kwa wazee sehemu nyingine zinachelewa kuamka. Kwamba wazee baada ya nusukaputi huweza kuona vitu, kusikia sauti. Huwa inapita. Kwa muda gani? Siku, wiki. Na isipopita? Nikasema kuna wachache haipiti.

Kila neno ni kweli. Ukinipeleka mbele ya maprofesa nitapita kwa alama za juu. Na yote kwa pamoja ni uongo mkubwa kuliko wowote niliowahi kusema.

Bi Kuruthum anajua leo siku gani. Anajua wakati wa kila swala bila saa. Anawajua wajukuu na magonjwa yao. Dalili yake moja tu, na dalili hiyo ni mimi.

Hamdun ameweka mkono kifuani kwa heshima, ameinama, shukran doktora, Allah akuweke.


Jumatatu, 11 Novemba

Sijui niandikeje.

Nimekwenda nikiwa nimeazimia. Nimekuta Rumaitha anamweleza mama yake kwa Kiswahili, sauti ya upole kama ya mtu anayemsemesha mtoto. Mama, hutorudi Mintirib. Utakwenda Nizwa kwa Hamdun. Nyumba tutaifunga. Mfanyakazi wako wa nyumbani tumeshamwambia atafute pengine. Funguo ziko kwangu, usizitafute kwenye mkoba.

Bibi akasema nyumba yangu mnaifunga kwa lipi? Mguu utapona.

Rumaitha akasema si mguu, mama. Daktari kasema benji imekugusa akili.

Daktari gani?

Huyu hapa.

Wakanitazama wote wawili. Mimi ndio kwanza nimesukuma pazia! Bibi alinitazama sana. Hakukasirika, laiti angekasirika. Alinitazama kama mtu anayesoma bei ya kitu asichoweza kununua. Kisha akasema polepole, kwa Kiswahili, akijisemea: “Basi labda kweli. Labda hakuwapo mtu. N’lijiona tu mwenyewe.”

Baada ya hapo hakumtaja tena msichana. Muuguzi akamuuliza kwa Kiarabu kama anataka chai, akajibu kama mnavyoona nyinyi.

Nimejifungia chooni nikalia mpaka Fawziya, muuguzi wa chumba cha kuamkia, akagonga, ati wananitaka thieta, chumba cha upasuaji. Nimenawa uso, nimemlaza kijana wa apendiksi. Mshipa wake nimeupata mara moja. Mkono huu sina lawama nao, mdomo ndio.


Jumatano, 13 Novemba

Kidonda cha Bi Kuruthum kimeingia wadudu. Homa tangu jana, usaha, presha inashuka shuka. Taimur anataka kukifungua na kukiosha kesho asubuhi. Bila hivyo sumu itaingia kwenye damu, na moyo ule hautastahimili.

Bibi amekataa.

Haogopi kisu. Amemwambia Taimur mwenyewe, kwa Kiarabu chake cha adabu: mara ya kwanza niliingia na akili nikatoka bila akili, mara ya pili nitatoka na nini? Bora nife nikijijua.

Taimur ameniambia haya kwenye chai, huku anakula sambusa. Akasema si tabu, mtoto wake atakubali kwa niaba yake, maana bibi hana akili timamu. Nani amesema hana? Wewe, akasema. Hamdun amesema wewe ndiye uliyemfahamisha.

Yaani watamchukua kwa nguvu. Watamsukuma mpaka kwangu, analia, kwa neno langu, na mimi ndiye nitakayembana barakoa usoni.

Nikasema Taimur, bibi ana akili zake. Akasema basi umebadilisha mawazo? Nikasema nilikosea. Akaweka chini sambusa. Ulikosea vipi, doktora Radhia? Nikafungua mdomo — simu yake ikalia, akaondoka. Na mimi nikashukuru! Nimeshukuru simu!

Baada ya Alasiri nimepanda wodini. Mlangoni viatu tele, chumba kimejaa wanawake wa Mintirib, kahawa inazunguka, halwa, ubani, kila mtu anamshauri akubali. Yeye amefumba macho. Rumaitha amekaa chini, amemshika mguu mzima, kope zimevimba kwa kulia. Nilikuwa namwona ana kiburi. Ni mtoto anayeogopa mama yake atakufa, basi.

Mmoja akanikaribisha kahawa. Nimekunywa nimesimama, nikatikisa kikombe kuonyesha nimetosheka, nikateremka.

Nikisema, nitaitwa na uongozi. Doktora anasikiliza wagonjwa kwa lugha yao na kujifanya hajui! Wana haki ya kunishitaki. Na mji huu mdogo. Wala bibi hatanitazama tena, huyo mtu mmoja tu Ibra nzima aliyeniambia nije kula.

Nisiposema atalala kesho akiamini ni mwendawazimu. Huenda ikawa ndilo jambo la mwisho atakaloliamini duniani.

Hakuna cha kupima hapo, Radhia. Acha ujinga.


Alhamisi, 14 Novemba

Chumba cha chai, mchana. Nina nafasi kidogo kabla ya mgonjwa mwingine.

Wamemleta asubuhi, wa mwanzo kwenye orodha. Hamdun ameishia mlangoni, Rumaitha ameruhusiwa kuingia mpaka kwenye chumba cha kungojea. Bibi halii. Amelala ameugeukia ukuta, midomo inasoma dua. Mikono ile, tetemeko lile lile. Taimur yuko pale, fundi wa mashine yuko pale. Sindano zangu zimepangwa kwenye sinia. Midazolamu nayo nimeivuta, ya pili kutoka mwisho.

Nimesimama nikaitazama. Nikaona njia rahisi kabisa, wallahi, ikanijia yenyewe. Kwanza nimpe hiyo, kisha nimwambie ukweli. Atafurahi, atanisamehe, Rumaitha nitamwomba atoke. Na akiamka hakuna atakayekumbuka kitu! Niliiona njia hiyo vizuri sana. Ninaiandika ili nisije kujidanganya baadaye kwamba sikuiona.

Nimeishusha barakoa. Nimevua na miwani. Nikasema, mbele ya wote:

“Shikamoo, bibi. Ni mimi. Hukuota.”

Rumaitha ndiye aliyegeuka kwanza. Mkono mdomoni. Nimeona jinsi yanavyomrudia moja moja: kiatu, kuachwa, yote. Uso umemwiva mwekundu, kisha ukabadilika. Akasema, umekaa siku zote hizi unatusikiliza? Nikasema ndiyo. Unamsikia mama analia anakutafuta, na unakaa kimya? Nikasema ndiyo. Akasema mtu gani wewe! Akasema kwa Kiswahili, kisha akarudia kwa Kiarabu ili Taimur naye asikie. Kweli, mtu gani?

Bibi alikuwa amegeuza kichwa. Ananitazama, ananitazama.

“Basi mie si mwendawazimu.”

Nikasema huna ugonjwa wowote wa akili, bibi. Uliyoyaona uliyaona. Ulinialika chakula, boko-boko na mchuzi wa papa. Niliyekosa ni mimi.

“Na weye ndo uliyemwambia mwanangu n’meguswa.”

Mimi.

Taimur anataka kufasiriwa, hakuna anayemfasiria. Kisha bibi akasema kwa Kiarabu, kwa sauti ya mwenye nyumba: ninakubali kulazwa, na ninakubali mimi mwenyewe, si mwanangu. Taimur akasema inshallah, ewe mama, haraka haraka, kabla hajaghairi.

Halafu akanirudia kwa Kiswahili. Akaniuliza, mara ile ulinitia kitu cha kunisahaulisha? Nikamweleza. Kwamba kipo cha kutuliza woga, na bei yake ni kumbukumbu. Kwamba hiki cheupe kinalaza lakini hakirudi nyuma kufuta kilichokwisha andikwa. Na hiki cha pumzi vivyo hivyo, kinaingia kwa pumzi na kutoka kwa pumzi. Alisikiliza kama anayechagua kitambaa.

“Basi kile usinitie leo. N’takwenda na woga wangu. Nikiamka nina maneno na weye.”

Sijui ni maneno gani! Uso wake haukuniambia chochote. Si hasira, si huruma. Uso wa mtu anayeweka kitu kabatini mpaka baadaye.

Nimeirudisha ile sindano pembeni. Ametetemeka mpaka mwisho. Sikuwa na dawa ya tetemeko isipokuwa mkono, basi mkono mmoja nimempa na kwa mwingine nimesukuma. Watu wengi wakati ule hutazama dari, taa. Yeye alinitazama mimi. Propofoli ikamchoma mshipani, akakunja uso, hakuyaondoa macho. Kisha kope zikashuka.

Presha ilicheza sana, nikampandisha kwa dawa, ikatulia. Taimur ameosha, amefunga, hakunisemesha ila ya kazi. Mwisho nimeifunga sevoflureni, nikakaa naye pumzi kwa pumzi inatoka, namba zinashuka kwenye kioo. Amejibu jina lake kwa kichwa tu. Nimempeleka chumba cha kuamkia bado nusu yuko huko, nikamkabidhi Fawziya, maana thieta ya pili walikuwa na mama wa uzazi hawana mtu.

Mtoto wa kike, kilo za kutosha, anapiga kelele ile mbaya. Alhamdulillah.

Mlangoni nimepita mbele ya Hamdun. Rumaitha alikuwa amekwisha mweleza. Hakuweka mkono kifuani leo. Ameniambia tu, doktora, tutazungumza na uongozi. Nikasema ni haki yenu. Akasema kwanza mama aamke. Nikasema naam.

Chai imepoa. Miaka yote hii nalalamika kwamba watu wananisahau. Leo ni mara ya kwanza ninaogopa mtu asije akanikumbuka. Na atanikumbuka, ninazijua dawa zangu.

Fawziya amepiga. Bibi ameamka, pumzi nzuri, moyo mzuri. Lakini hataki Kiarabu, hamwitiki mtu salamu, kila anayefungua pazia anamtazama usoni kisha anageuza kichwa. Anarudia neno moja, yeye Fawziya halielewi. Yuwapi, anasema. Yuwapi, yuwapi. Doktora, ndiyo benji imemvuruga tena? Niandike amechanganyikiwa?

Nimesema hapana! Usiandike hivyo. Ana akili zake zote, anamuulizia mtu.

Mtu gani, ananiuliza. Nimwite binti yake?

Simu mkono huu, kalamu mkono huu. Fawziya bado anangoja.